Mapenzi ya kwenye gemu: ya kweli au ya pointi?

Haya wadau, leo naandikia kitandani, kipindi cha saa nne mwalimu hakutokea. Niwape kisa cha jana usiku, halafu historia kidogo, si mnajua tena mambo ya idara yetu.

Jamaa ninayekaa naye chumbani ameachwa. Bumu lote liliishia kwenye vocha, chipsi kuku na viatu vya binti wa watu. Jana akaniambia, "Mwanangu, heri mapenzi ya kwenye gemu. Unatoa zawadi, unapendwa, kwisha." Sikupata usingizi. Hivi ni kweli?

Tuanze mbali. Mwaka 1992 kampuni ya Enix ya Japani ilitoa Dragon Quest V. Humo mchezaji anachagua mke: Bianca, rafiki wa utotoni asiye na mali, au binti wa tajiri. Ukioa kwa tajiri, mali unapata kweli. Lakini kinachogusa kinakuja baadaye: mnazaa mapacha, unageuzwa jiwe miaka kadhaa, na wanaokuja kukuokoa ni wanao, wameshakua. Hapo ndoa inakuwa na uzito, maana imekula muda.

Mwaka 1997 Square wakaja na Final Fantasy VII. Hapa pointi zimefichwa. Majibu yako yanahesabiwa kimya kimya, kisha usiku mmoja pale Gold Saucer unatokewa na wa kutoka naye. Anaweza kuwa Aeris au Tifa, na ukivuruga sana anakuja Barret, lile jibaba lenye bunduki badala ya mkono! Tunacheka, lakini baadaye Aeris anauawa na Sephiroth, na pointi zako zote hazimrudishi. Watu walilia kweli.

Mwaka 2000 BioWare ya Kanada ikatoa Baldur's Gate II. Jaheira ni mjane. Mumewe, Khalid, anakutwa amekufa mwanzoni kabisa. Mazungumzo yake hayaji kwa mkupuo. Yanakuja kidogo kidogo kadiri siku zinavyopita, na ukijibu ovyo yanakatika moja kwa moja. Mjane huwezi kumharakisha bwana.

Kampuni hiyohiyo mwaka 2009 ikatoa Dragon Age: Origins, na hapa jamaa yangu ana hoja. Unampa mwenzako zawadi, kipimo kinapanda, unaona kwa macho. Ni kama duka. Ila hata humo kuna Alistair: akipewa ufalme, na wewe si mwanamke wa kibinadamu wa ukoo bora, anaweza kukuacha kipimo kikiwa kimejaa.

Basi mimi nikaona hivi. Mapenzi ya gemu yanaaminika pale tu mwenzako anapokuwa na jambo lake ambalo wewe hulinunui: msiba wake, wajibu wake, muda wake. Penye kuhesabu tu, hata mtoto anajua ni hesabu.

Asubuhi nikamweleza jamaa. Akauliza, "Kwa hiyo mimi nilikosea wapi?" Nikamuuliza, kwa miezi yote ile, yule binti alikuwa anawaza nini usiku? Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Sijawahi kumuuliza."

Sikuwa na la kuongeza. Nakimbilia kafeteria kabla wali haujaisha. Mchana mwema wadau.