Ulisoma sosiolojia, unataka mastere ya sayansi ya data?

Sayansi ya data ni kazi ya kukusanya habari nyingi, kuzisafisha na kuzichambua kwa ordinatere. Vijana wengi waliosoma sosiolojia, maendeleo ao sheria wanajiuliza kama mlango uko wazi kwao.

Uko wazi, lakini si kila pahali. AIMS, yenye kituo pale Kigali, inadai msingi mzuri wa hesabu. Vyuo vingine vinapokea lisanse yoyote, kisha vinaongeza masomo ya matayarisho. Kigali na Kampala, masomo haya yanatolewa kwa Kiingereza.

Wengi wanaogopa ordinatere. Kumbe Python na R, programu zinazotumiwa zaidi, ni za bure, na mtu anazizoea polepole. Kinachoangusha watu ni hesabu: probabilite, takwimu, matrisi. Aliyeachana nayo tangu sekondari anaishiwa pumzi mapema.

Lakini yule aliyefanya ankete na KoboToolbox kwenye kambi za wakimbizi hatoki mikono mitupu. Anajua kama nafasi isiyojazwa si sifuri. Anajua pia kama "kaya" ya watu 12 inaweza kuwa familia mbili chini ya hema moja. Ordinatere haiyajui hayo, na mtaalamu wa hesabu asiyefika kule pia.

Basi, mbele ya kulipa minervale, chukua miezi sita ya takwimu, ukijizoeza na ankete zako mwenyewe, majina ya watu yakiwa yamefutwa. Uliza chuo kwa maandishi: matayarisho yako? Yanalipwa kando?