Mshale Usiotulia: Mafundi wa Zamani na Geji ya Presha

Leo mwalimu na aweke pampu ya baiskeli juu ya meza, mahali ambapo kila mtu aweza kuiona, maana tutaihitaji kabla ya somo kwisha.

Wengi wenu mmeiona geji ya presha. Ni kama saa yenye mshale mmoja. Ipo kwenye boila la kiwanda, ipo kwenye mashine ya kutilia magurudumu upepo, ipo pia kwenye mtungi wa gesi wa fundi wa kuchomelea vyuma. Watu huuamini mshale ule. Lakini mshale ukionyesha 5, na kumbe ndani ya boila mna 8, mchochea moto ataendelea kutia kuni mpaka chuma kipasuke, naye ndiye aliyesimama karibu. Kwa hiyo kila geji yapasa kupelekwa kwa fundi ikapimwe upya. Na fundi naye ana taabu yake: hewa aliyoitia katika chombo cha kupimia haikubali kukaa. Mshale hupanda, kisha hushuka wenyewe. Taabu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 300, na leo twataka kuwaelezeni ilivyoanza.

Mwaka 1644 Mtaliana mmoja, Evangelista Torricelli, aliandika barua kueleza habari ya bomba la kioo lililojazwa zebaki, kisha likapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, ikasimama kwenye urefu wa sentimita 76 hivi. Alisema inashikiliwa na uzito wa hewa inayotuzunguka. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha msukumo wa hewa.

Sasa twendeni Ujerumani, katika mji wa Magdeburg. Mji huo uliteketezwa vitani mwaka 1631, na mmoja wa waliosaidia kuujenga tena alikuwa mhandisi Otto von Guericke, ambaye baadaye alikuwa meya wake. Bwana huyu alitaka kupata chombo kisicho na hewa ndani kabisa. Alichukua pipa la bia, akalijaza maji, akaliziba, akawaweka watu wenye nguvu wayavute maji kwa pampu. Maji yalitoka, lakini ndani ya pipa ukasikika mlio kama wa sufuria ichemkayo. Ni hewa iliyokuwa ikipenya katika mbao.

Hakukata tamaa. Alitia pipa dogo ndani ya pipa kubwa lililojaa maji, ili hewa isipate njia. Mara hii aliposikiliza alisikia mlio mwembamba kama wa ndege: yale maji ya nje nayo yalikuwa yakipenya! Basi akaacha mbao, akaagiza tufe la shaba. Watu walivuta, wakavuta, mara tufe likajikunja kwa kishindo kikubwa, wote wakaogopa. Guericke aliona kwamba halikufinyangwa mviringo sawasawa, ndiyo maana hewa ya nje ililishinda. Akaagiza jingine la mviringo mwema, nalo likastahimili. Mwaka 1657, mjini mwake, farasi 16 walivuta nusu mbili za tufe zilizoondolewa hewa, na kuziachanisha ilikuwa kazi kubwa. Watu wengi huwakumbuka wale farasi tu. Mimi naona lile pipa la bia lina mafundisho zaidi.

Uingereza, mwaka 1659, Robert Boyle na msaidizi wake Robert Hooke walitengeneza pampu yao wenyewe. Walitumia ngozi, mafuta, na lami ya kuzibia mfuniko. Ilivuja hata hivyo, na Boyle aliandika hivyo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1660, jambo ambalo wenye vyombo wengi hawapendi kulifanya. Katika pampu yake ya baadaye, sehemu iliyokuwa ikivuja aliizamisha majini.

Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa geji ambayo hata leo hutumika. Ndani yake mna bomba bapa lililopindwa. Presha ikiingia, bomba hutaka kujinyosha, na kujinyosha huko husukuma mshale. Lakini chuma huchoka, na mshale huanza kusema uongo kidogo kidogo. Basi fundi huilinganisha na mawe ya mizani. Pistoni yenye eneo la sentimita 1 ya mraba, ikibeba kilo 1 kwa jumla na kuelea juu ya gesi, presha iliyo chini yake yajulikana bila kubahatisha. Fundi huizungusha pistoni polepole isikwame.

Na mshale usipotulia? Mwalimu, ziba mdomo wa pampu kwa kidole na usukume mara kadhaa kwa nguvu. Shikeni mwili wa pampu karibu na mdomo wake: una joto. Gesi iliyobanwa hupata moto, kisha ikipoa presha hupungua, ingawa hakuna kinachovuja. Kwa hiyo fundi hufunga bilula, husubiri, na hutazama. Mshale ukishuka kwa kasi, kisha polepole zaidi, mwisho ukasimama, hiyo ni kupoa tu. Ukiendelea kushuka kwa mwendo ule ule, gesi inatoka. Hapo hufunga bilula moja baada ya nyingine, kuanzia upande wa pampu, ili ajue sehemu ipi imepona na ipi ina kasoro. Kisha hupaka povu la sabuni kwenye viungo vya sehemu yenye kasoro, akitafuta kiputo. Asiyejua kusubiri hukaza viungo vizima mpaka anavivunja.

Kazi ya darasa: tieni upepo gurudumu la baiskeli asubuhi, mkaweke povu la sabuni juu ya vali yake. Andikeni mlichokiona, na saa mliyokiona. Litazameni tena jioni.