Kano zilizokatika na safari ya kuzishona: kutoka kwa Galen hadi Nizwa, Ibra na Sur

Mtu akijikata kiganja kwa kisu, iwe Zanzibar au Ibra, jamaa zake watasema amekata mshipa. Kiswahili hulitumia neno hilo kwa mshipa wa damu, mshipa wa fahamu na hata kano, yaani ule uzi mgumu unaouvuta mfupa ili kidole kikunjike. Mchanganyiko huo si wetu peke yetu. Katika Kigiriki cha kale neno moja lilitaja kano na mshipa wa fahamu pia, na tabibu Galen, katika karne ya 2, alihofia kuwa kuzidunga sindano kungeleta degedege. Hofu hiyo ilidumu karne nyingi, ijapokuwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, hutajwa na wanahistoria miongoni mwa waliotetea kushona kano.

Kushona, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Kano za kukunja vidole hupita ndani ya ala nyembamba, mithili ya jambia la Nizwa ndani ya ala yake. Kidole kikiachwa kimya baada ya kushonwa, kovu huigandisha kano na ala. Ndiyo maana Sterling Bunnell wa Marekani aliliita eneo hilo nchi isiyo na mwenyewe, akashauri kano ipandikizwe baadaye. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walionyesha kinyume: shona mapema, kisha funga mpira kwenye ukucha, mgonjwa hukinyoosha kidole mwenyewe, mpira hukirudisha.

Mwaka huo huo wa 1967, majeruhi wa Ibra alikuwa mbali na daktari yeyote wa upasuaji. Hadi 1970, Oman ilitegemea zaidi hospitali za wamisionari wa Kimarekani, Muscat na Matrah. Hospitali ya Khoula ilifunguliwa Muscat mwaka 1974, ikawa kituo cha taifa cha majeruhi na mifupa; baadaye Nizwa, Ibra na Sur nazo zikapata hospitali zao za rufaa.

Umbali ulipungua, muda haukupungua. Fundi majahazi wa Sur aliyeteleza na tezo hukaa na gango kwa takriban wiki 6, na kazi nzito huisubiri kama wiki 12, huku kano iliyoshonwa ikiweza kukatika tena akikaza mkono mapema. Kwa maoni yangu, hapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo ana uzito sawa na mpasuaji, ingawa historia haikuhifadhi majina yake.