Rio de Janeiro: Tuanzie Gatini

Mgeni anayefika Rio de Janeiro hupelekwa juu kwanza. Atapanda treni ya meno hadi kilele cha Corcovado, mita 710 hivi kutoka usawa wa bahari, asimame chini ya sanamu ya Kristo Mkombozi iliyozinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Sanamu yenyewe ina urefu wa mita 30, na mikono yake imetanda mita 28. Jioni atapandishwa Pão de Açúcar, jabali la mita 396 lililochomoza mdomoni mwa ghuba ya Guanabara, akiwa ndani ya vigari vinavyoning'inia kwenye nyaya. Safari hizo za angani zilianza mwaka 1912. Huwezi kumlaumu anayepanga ziara hivyo. Milima iliyochongoka, msitu uliojiingiza katikati ya majumba na bahari yenye visiwa vimeunda mandhari ambayo UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2012, na hakika inastahili.

Ila ufuo unaoonekana kutoka huko juu sio ule walioukuta Wareno. Sehemu kubwa ya tambarare ya katikati ya mji ni kifusi. Wareno walianzisha mji mwaka 1565 chini ya Pão de Açúcar, na miaka miwili baadaye wakahamia kilima cha Castelo. Kilima hicho hakipo tena. Kilichimbwa kikasawazishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na udongo wake ukamwagwa baharini. Kilima cha Santo Antônio nacho kikafuata miaka ya 1950, na sehemu ya kifusi chake ndiyo iliyozaa bustani ndefu ya Flamengo, iliyofunguliwa mwaka 1965, ambako leo watu hukimbia na kucheza mpira. Rio ni mji wenye mazoea ya kufukia, na katika yote uliyoyafukia hakuna lenye uzito kama gati moja la mawe upande wa kaskazini.

Gati hilo linaitwa Valongo. Katika karne ya 18 dhahabu ya Minas Gerais iliifanya Rio kuwa bandari kubwa, na mwaka 1763 makao makuu ya koloni yakahamishiwa hapo kutoka Salvador. Waafrika walioletwa kuuzwa walikuwa wakishushwa mbele ya macho ya wakubwa na kuuzwa kwenye milango ya Rua Direita, mtaa wa matajiri ambao siku hizi unaitwa Primeiro de Março. Mwakilishi wa mfalme, Markizi wa Lavradio, alichukizwa na hali hiyo. Kilichomsumbua kilikuwa maradhi na aibu ya kuona watu uchi barabarani. Biashara yenyewe hakuwa na neno nayo. Katika miaka ya 1770 akaamuru soko lihamishiwe nyuma ya vilima, Valongo, nje ya mji wa wakati ule. Mwaka 1811 likajengwa gati la mawe. Wakati huo familia ya kifalme ya Ureno ilikuwa imeshahamia Rio, tangu mwaka 1808, kwa kumkimbia Napoleon, na mahitaji ya mji yalikuwa yameongezeka sana.

UNESCO inakadiria kwamba Waafrika wapatao 900,000 waliingia Amerika ya Kusini kupitia Valongo. Hakuna bandari nyingine ya Amerika iliyopokea wengi kiasi hicho. Brazili nzima ilipokea karibu milioni 5, yaani takribani wanne katika kila kumi waliofikishwa hai upande ule wa Atlantiki.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hapa ndipo habari inapomgusa. Tumezoea kufikiri kwamba mateka wa pwani yetu walikwenda Arabuni, Uajemi na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kwamba Atlantiki ilikuwa njia ya watu wa Kongo, Angola na Guinea. Kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini Uingereza ilipoanza kuibana Ureno kwa mikataba, wa mwaka 1810 na hasa ule wa mwaka 1815 uliopiga marufuku biashara hiyo kaskazini mwa Ikweta, wafanyabiashara wa Rio waligeuza tanga. Walizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane na Inhambane. Safari ya kutoka Angola ilikuwa ya wiki chache; ya kutoka Msumbiji ilichukua miezi miwili au zaidi, na vifo vyake vilikuwa vingi mno. Waliofika hai waliandikwa katika vitabu vya Rio kwa jina la bandari walikopakiliwa au la kabila walilodhaniwa kuwa: Moçambique, Quelimane, Inhambane, Macua. Wamakua hao ni watu ambao leo wana ndugu zao Masasi na Tunduru. Njia za misafara ya Wayao nazo zilishuka hadi kwenye bandari hizohizo za Msumbiji.

Watu wa Msumbiji walikuwepo Rio hata kabla ya hapo. Kwenye Rua da Alfândega, mtaa wa maduka ya nguo wenye zogo na msongamano, lipo kanisa dogo la Santo Elesbão na Santa Efigênia. Udugu uliolijenga ulianzishwa mwaka 1740 na Waafrika, watumwa na walioachwa huru, na miongoni mwao walikuwemo watu wa Msumbiji. Elesbão ni yule Kaleb, mfalme wa Aksum wa karne ya 6 aliyevuka Bahari ya Shamu kwenda kupigana Yemen. Watu waliovuliwa kila kitu walimchagua mfalme wa Kiafrika kuwa mtakatifu wao, wakachanga fedha kidogokidogo, wakamjengea nyumba. Vitabu vingi vya watalii havilitaji kanisa hili. Mimi ningelitanguliza mbele ya makanisa yote ya mji yaliyopakwa dhahabu.

Wapo waliofika Valongo wakafa kabla ya kuuzwa. Hao walitupwa katika uwanja wa jirani uliojulikana kama Makaburi ya Pretos Novos, yaani weusi waliofika karibuni, ambao ulitumika hadi mwaka 1830. Daftari la parokia limeandika zaidi ya watu 6,000 waliozikwa hapo katika miaka sita tu ya mwisho. Walifukiwa juujuu, bila sanda wala jeneza, wengine mifupa yao ikachomwa moto ili kupata nafasi. Kisha nyumba zikajengwa juu, na mahali pakasahaulika. Mwaka 1996 wenye nyumba moja ya mtaa wa Gamboa walikuwa wakikarabati sakafu, mafundi wakaanza kutoa mifupa ya binadamu. Nyumba hiyo sasa ni taasisi ya kumbukumbu, na katika sakafu kuna vioo vinavyomwezesha mgeni kutazama chini.

Gati nalo lilifukiwa mara mbili. Sheria ya mwaka 1831 ilipiga marufuku kuingiza watumwa. Biashara ikaendelea kwa siri katika fukwe nyingine hadi ilipobanwa kweli mwaka 1850, lakini Valongo ilifungwa. Mwaka 1843, Teresa Cristina alipokuwa anatarajiwa kutoka Napoli kuja kuolewa na Mfalme Pedro II, wakuu wa mji waliona haifai akanyage mawe yale. Wakajenga gati jipya la fahari juu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Meya Pereira Passos alibomoa mitaa ya maskini na kufungua barabara pana za mtindo wa Paris, huku serikali ikijenga bandari mpya. Ghuba ikajazwa, bahari ikasukumwa mamia ya mita, na mwaka 1911 gati la malkia nalo likafunikwa chini ya uwanja. Miaka 100 baadaye, mwaka 2011, mji ulipokuwa unachimbua eneo hilo kwa maandalizi ya Michezo ya Olimpiki, wanaakiolojia wakiongozwa na Tania Andrade Lima walikuta magati yote mawili, moja juu ya jingine. Mikononi mwao zilikuja shanga, kauri, viko na bangili za shaba. UNESCO iliingiza Valongo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017.

Ukishaliona gati, vivutio vingine vya Rio unavitazama kwa jicho jingine. Matao ya Lapa, 42 kwa idadi, yanayopita juu ya mtaa wa starehe za usiku, yalikamilishwa mwaka 1750 ili kuleta maji mjini kutoka milimani. Waliobeba mawe walikuwa wenyeji wa asili wa nchi hiyo na Waafrika watumwa. Tangu mwaka 1896 juu yake hupita tramu ya njano iendayo Santa Teresa, na watalii huipiga picha kwa mamia. Quinta da Boa Vista, bustani yenye jumba la wafalme, ilianza kama zawadi kwa mfalme mtarajiwa João kutoka kwa Elias Antônio Lopes, tajiri aliyechuma mali yake katika biashara ya watumwa. Jumba hilo ndilo lililokuwa Makumbusho ya Taifa, na usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 liliungua likateketeza sehemu kubwa ya hazina yake.

Bustani ya Mimea ilianzishwa mwaka 1808. Miche yake ya mwanzo, kungumanga ikiwemo, ilitoka katika bustani za Wafaransa kule Mauritius; ni visiwa hivyohivyo vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi vilivyoipa Zanzibar mikarafuu katika miaka hiyohiyo.

Msitu wa Tijuca, unaoizunguka Corcovado kama kilemba, wengi hudhani ni msitu wa asili. Sivyo. Mashamba ya kahawa yaliufyeka hadi vijito vikakauka na mji ukakosa maji. Mwaka 1861 Pedro II aliagiza upandwe upya, na kazi akapewa Meja Manuel Gomes Archer. Kumbukumbu zimehifadhi majina ya watumwa sita walioanza kazi hiyo: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Makumi ya maelfu ya miche yalipita mikononi mwao na mwa wenzao waliofuata. Baadhi ya barabara za msituni zimepewa majina ya mabaroni.

Mitaa ya Saúde, Gamboa na Santo Cristo, iliyo jirani na gati, inaitwa Pequena África, Afrika Ndogo. Kwenye kilima chake cha Livramento alizaliwa Machado de Assis mwaka 1839, mjukuu wa watumwa walioachwa huru, ambaye wengi humhesabu kuwa mwandishi mkuu kuliko wote wa Brazili. Pembeni yake, kilima cha Providência kilikaliwa mwaka 1897 na askari waliorudi kutoka vitani bila makazi, ukawa mwanzo wa mitaa ya mabanda ya milimani. Chini kidogo lipo jabali la Pedra do Sal, lenye ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, mahali ambapo wapagazi wa bandari walishusha chumvi mchana na kupiga ngoma jioni. Jumatatu usiku samba hupigwa pale mpaka leo, bila jukwaa, wapigaji wakikaa kuzunguka meza na umati ukiwazunguka wao. Atakayekuja Rio kwa ajili ya samba aende huko kabla ya kununua tiketi ya maonyesho ya hotelini.

Karibu na Praça XV, palipo jumba ambamo sheria ya kufuta utumwa ilitiwa saini tarehe 13 Mei 1888, imesimama sanamu ya João Cândido. Alikuwa baharia, mtoto wa watumwa. Mwezi Novemba 1910 aliongoza mabaharia wenzake kuteka manowari na kuelekeza mizinga mjini, wakidai jeshi la majini liache kuwachapa viboko. Utumwa ulikuwa umefutwa miaka 22 kabla ya hapo na bado baharia mweusi alifungwa kwenye mlingoti akachapwa. Mbele ya bahari ileile, umbali wa kutembea kwa miguu, Makumbusho ya Kesho yaliyosanifiwa na Santiago Calatrava yalifunguliwa mwaka 2015, meupe na marefu kama mifupa ya nyangumi. Ni jengo zuri. Lakini kuna kasoro katika mji uliotumia fedha nyingi hivyo kujenga makumbusho ya mambo yasiyotokea bado, huku gati la mambo yaliyotokea likiachwa kwa miaka kadhaa kuwa shimo la wazi lenye mabango machache na maji ya mvua yakituama kati ya mawe.

Valongo haina lango wala kiingilio. Mtu anaweza kusimama ukingoni wakati wowote. Atakayekwenda akumbuke kutazama mawe ya chini, yale yasiyolingana, si yale ya juu yaliyochongwa kwa ajili ya malkia. Na kwa wanahistoria wetu wa Dar es Salaam, Nairobi na Mtwara, kazi ipo. Hifadhidata ya safari za meli za watumwa imewekwa wazi kwenye intaneti, ikiwa na majina ya meli, bandari na miaka, na vitabu vya ubatizo vya parokia za Rio vimesheheni watu walioandikwa Moçambique bila maelezo zaidi. Wanaojua Kimakua na Kiyao ndio wanaoweza kusaidia kuwatambua, na wengi wao wako upande huu wa bahari. Waanze.