Tembo, Nyasi na Mombasa ya 1824

Kila yanapotajwa mashindano ya Marekani na China katika Bahari ya Hindi, mfano wa kihistoria unaotangulia ni Mkutano wa Berlin wa 1884–85, na methali inayouandama ni kuwa wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mfano huo una ukweli wake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilimbakishia Sultani Barghash ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Makubaliano yalifungwa bila yeye, kisha akatakiwa ayakubali.

Hata hivyo, Berlin humfanya mwenyeji kuwa nyasi tu: hana hila, hana chaguo, na kwa hiyo hana dhima. Mombasa ya 1824 inafundisha zaidi. Watawala wake, Mazrui, walikuwa wakitishwa na Sayyid Said wa Oman. Nahodha William Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipotia nanga, wao ndio walioomba ulinzi, naye akaukubali kwa sharti la kukomesha biashara ya watumwa. Lakini serikali yake iliuthamini zaidi urafiki wa Sayyid Said, uliokuwa na faida kwake katika Ghuba. Mwaka 1826 ulinzi ukaondolewa. Mwaka 1837 mji ukaingia mikononi mwa Busaidi, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Djibouti ya leo inafanana zaidi na Mombasa hiyo. Imezipokea kambi za Ufaransa, Marekani, Japani na, tangu 2017, China, nayo hulipwa kodi ya ardhi. Mwaka 2018 iliinyang'anya kampuni ya DP World ya Dubai uendeshaji wa gati la makontena la Doraleh. Hayo si matendo ya nyasi.

Mfano huu nao una mpaka wake. Mazrui walimtegemea mlinzi mmoja, ilhali Djibouti ina wapangaji kadhaa, na kuondoka kwa mmoja hakutaiacha uchi. Linalobaki ni kwamba thamani ya mwenyeji hupimwa kwa mizani iliyo mbali naye. Anayeusoma mkataba wa kambi kwa macho ya Berlin huuliza mgeni amechukua nini. Anayeusoma kwa macho ya Mombasa huuliza pia nani aliyemwalika, kwa ugomvi wa nani, na nani atakayelipa siku mgeni atakapong'oa nanga.