Mfungo wa Ninawi: siku tatu za Yona ambazo wengi wetu hatuzijui

Kila mutu aliyefundishwa Bibilia akiwa mtoto anajua hadisi ya Yona na samaki mkubwa. Lakini huku kwetu mashariki mwa Kongo, wachache wanajua kuwa kuna Wakristo ambao kila mwaka wanafunga siku tatu nzima juu ya hadisi hiyo. Inaitwa mfungo wa Ninawi, na kati ya wanaoushika sana kuna watu wa kule kule Ninawi, katika inchi ya leo ya Irak. Tuone ulianzia wapi, unafanyika namna gani, na juu ya nini watu wale waliendelea kuushika hata walipofukuzwa makwao.

Hadisi yenyewe, kwa ufupi

Mungu anamutuma Yona aende Ninawi, muji mkubwa wa Waashuru, akaonye watu kwa sababu ya ubaya wao. Yona hataki. Anashuka Yafa, anapanda chombo cha kwenda Tarshishi, upande mwingine kabisa. Tufani inakuja, wanamutupa baharini, samaki anamumeza. Anakaa tumboni siku tatu, usiku na mchana, kisha anatapikwa kwenye inchi kavu.

Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini muujiza mwingine uko katika sura ya tatu. Yona anaingia muji na kusema neno moja tu: zimebaki siku 40, Ninawi itaangamizwa. Na muji wote unasikia! Mfalme anashuka katika kiti chake, anavua mavazi yake, anakaa kwenye majivu. Anaamuru watu wote wafunge, na hata ng'ombe na kondoo wasile wala kunywa. Anaomba pia kila mutu aache njia yake mbaya na ujeuri ulio mikononi mwake. Mungu anauachilia muji.

Hiyo ndiyo wanakumbuka katika mfungo huu: samaki, ndiyo, lakini zaidi muji uliogeuka kuanzia juu mpaka chini.

Ulianzia wapi?

Mapokeo ya Kanisa la Mashariki yanasema kuwa katika miaka ya 500, tauni iliingia katika eneo la Beth Garmai, upande wa Kirkuk ya leo. Watu walikufa wengi. Askofu mmoja, Sabrisho, aliita wakristo wafunge na kuomba siku tatu kama watu wa Ninawi. Tauni ilipotulia, waliamua kuushika mfungo huo kila mwaka.

Sisi tuliopita katika Ebola mwaka 2018 mpaka 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, tunaweza kuelewa hofu ya watu wale. Tuseme pia wazi: wao hawakuwa na chanjo wala kituo cha matibabu. Leo mfungo hauchukui nafasi ya dawa.

Kutoka kwa Wasuriani, mfungo ulifika mbali. Wakopti wa Misri waliupokea katika karne ya 10, wakati wa Papa wao Abraham, ambaye mwenyewe alikuwa Msuriani. Wahabeshi wanaushika pia. Na kule Kerala, kusini mwa India, Wakristo wa mapokeo ya Kisuriani wanauita mfungo wa siku tatu. Katika kanisa la Kuravilangad wanabeba chombo cha mbao mabegani na kukiyumbisha huku na huku, kama kile cha Yona katika tufani.

Wanafanya nini siku hizo?

Mfungo unaanza siku ya Jumatatu, siku 69 mbele ya Pasaka, na kumalizika Jumatano. Mwaka 2025 makanisa yote yalikuwa na Pasaka siku moja, tarehe 20 mwezi wa ine. Kwa hiyo ulianza tarehe 10 mwezi wa pili. Miaka mingine tarehe zinaachana, kwa sababu makanisa hayafuati kalenda moja.

Wengi hawali kitu mpaka saa sita ya mchana au mpaka jioni, kisha wanakula bila nyama, maziwa wala mayai. Wengine wenye nguvu wanapitisha siku zote tatu bila chakula wala maji. Wagonjwa na wazee hawalazimishwi. Kanisani wanasoma kitabu cha Yona, ambacho kiko na sura ine tu, na wanaomba rehema kwa muji wote, si kwa jamaa moja. Kwa Wakopti, Alhamisi inayofuata ni sikukuu, inaitwa Pasaka ya Yona.

Ninawi yenyewe leo

Mabomoko ya Ninawi yako karibu na mto Tigri, ndani ya muji wa Mosul. Ninawi ilianguka mwaka 612 mbele ya Kristo, mikononi mwa Wababeli na Wamedi. Kutubu kwa kizazi kimoja hakukulinda vizazi vyote.

Juu ya kilima kimoja cha pale palikuwa monasteri ya Yona, kisha ukawa musikiti wa Nabii Yunus, ambamo watu waliheshimu kaburi lake. Mwezi wa sita mwaka 2014, kikundi kinachojiita Dola la Kiislamu kiliteka Mosul. Tarehe 24 mwezi wa saba kililipua musikiti huo. Mwezi wa nane, Wakristo zaidi ya 100,000 walikimbia vijiji vya bonde la Ninawi kwa usiku mmoja au mbili, wengi kwa miguu, wakaelekea Erbil na Dohuk. Wayazidi na Waislamu wengi walikimbia pia.

Wakiwa katika mahema, katika masomo na katika nyumba zisizomalizika kujengwa, mfungo ulipofika waliushika. Watu wa Ninawi walifunga mfungo wa Ninawi wakiwa nje ya Ninawi. Louis Raphaël Sako, akiwa Patriarka wa Wakaldayo, aliwaomba zaidi ya mara moja waufunge kwa ajili ya amani ya inchi yao. Mosul ilikombolewa mwaka 2017, na wengine wamerudi. Wengine hawatarudi tena.

Hapa kwetu, mutu aliyelala chini ya bashi na watoto hahitaji kuelezwa hiyo ni nini.

Na Waislamu?

Yona haiko wa Wakristo peke yao. Sura ya 10 ya Kurani inaitwa Yunus, na inasema watu wake ndio muji ulioamini ukaondolewa azabu. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo na Kindu wanamujua vizuri. Wayahudi nao wanasoma kitabu cha Yona alasiri ya Siku ya Upatanisho.

Neno la kubaki nalo

Katika hadisi hii, kuna jambo moja ambalo linasahaulika upesi. Raia walianza kufunga, lakini habari ilipomufikia mfalme, hakuwaambia waendelee kuomba huku yeye amekaa kitini. Alishuka. Na amri yake haikuwa juu ya njaa tu. Ilikuwa pia juu ya mikono yenye ujeuri.

Huku kwetu tunafunga sana kwa ajili ya amani, parokiani, misikitini, katika vyumba vya maombi. Raia wameshafanya sehemu yao ya sura ile ya tatu. Sehemu ya mfalme ndiyo tunaingojea.