312, namba ya Chicago

Mwaka 1947 kampuni ya simu ya AT&T iligawa Marekani na Kanada katika maeneo 86, na kila eneo likapata msimbo wa tarakimu tatu. Jiji la Chicago pamoja na vitongoji vyake likapewa 312.

Namba hiyo haikuokotwa tu. Simu za wakati ule zilikuwa na kisahani chenye matundu kumi. Mpigaji alitia kidole tunduni, akazungusha mpaka mwisho, akaachia. Kisahani kilipokuwa kikirudi mahali pake, simu ilituma mapigo ya umeme: moja kwa tarakimu 1, tisa kwa 9, na kumi kwa sifuri. Kwa hiyo penye wapigiwa wengi palistahili tarakimu ndogo, zisizochosha kidole wala mitambo. New York ilipata 212, mapigo matano. Chicago na Los Angeles, yenye 213, zilipata sita. Alaska, yenye watu wachache, baadaye ilipewa 907: mapigo 26! Hata ile 1 ya katikati ilikuwa na maana, kwani ilitambulisha jimbo lenye misimbo zaidi ya mmoja, na Illinois ilikuwa nayo minne.

Kwanza misimbo ilikuwa ya maopereta. Tarehe 10 Novemba 1951 ndipo meya wa Englewood, New Jersey, alipompigia mwenzake wa Alameda, California, bila kuunganishwa na opereta, na safari ya simu za moja kwa moja ikaanza.

Kwa miaka 42 mkazi wa katikati ya Chicago na yule wa kitongojini walikaa chini ya 312. Kisha zikaja faksi, peja, modemu na simu za mkononi, kila kifaa kikidai namba yake, na hazina ikakauka. Novemba 1989 vitongoji vilihamishiwa 708. Haikutosha: mwaka 1996 vile vya kaskazini vikapewa 847, vya magharibi 630, na Oktoba mwaka huohuo jiji lenyewe likapasuliwa. Sehemu kubwa ya mitaa ya makazi ilikwenda 773, na 312 ikabaki na kitovu cha jiji na mitaa michache inayokizunguka.

Mgawanyo huo ulikuwa mchungu kuliko ule wa vitongoji. Mtu hakuhama nyumba, hakuhama jiji, lakini kadi za biashara na mabango ya duka vilimlazimu abadilishe.

Novemba 2009 wapangaji walichukua njia nyingine: msimbo mpya, 872, ulilazwa juu ya 312 na 773, na waliokuwa na namba zao wakabaki nazo. Gharama yake ni kwamba tangu hapo, hata kumpigia jirani wa ukuta mmoja, Mchicago hubonyeza namba nzima pamoja na msimbo wake.